Chuchu ya Mpira Mdomoni mwa Sila

Tulimwacha Anyesi juma lililopita uani kwa bwana wa reli, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mikononi, na wote wawili wanalia. Leo bado amesimama palepale. Ukisubiri hadithi hii impe kiti akae, utasubiri sana.

Kwa aliyekosa gazeti nitayarudia kwa ufupi, maana hata mimi yananichosha.

Ni enzi za Mdachi, yaani Mjerumani, mwaka wa tatu tangu gari moshi lifike Dodoma. Anyesi ni Mgogo wa Haneti, amebatizwa misheni, ameolewa Kikuyu, kijiji cha kando ya Dodoma, na kijana aitwaye Matonya. Ng'ombe wao waliisha kwa ugonjwa. Mvua nayo ikagoma. Matonya akaenda kujenga reli huko magharibi, mbele ya Tabora, akaahidi kurudi kabla mkewe hajajifungua. Mtoto akazaliwa, akaitwa Sila, akatimiza miezi minne, na baba yake hajaonekana wala hajatuma neno.

Chakula kilipokwisha nyumbani, Anyesi alichukua kazi ya kunyonyesha. Mke wa bwana wa reli, ambaye watumishi walimwita Bibi tu, alikuwa amezaa mtoto wa kiume, Oto. Kisha homa ikamshika na maziwa yake yakakatika. Maziwa ya kopo yakamharisha mtoto mpaka akabaki macho matupu. Mpishi wa nyumba ile, Halfani, Mrangi wa Kondoa, ndiye aliyesema anamjua mwanamke wa Kikuyu mwenye maziwa mengi. Malipo yakawa chakula. Kila siku anayokwenda, Anyesi anarudi na unga na maharage ya kuwatosha watu wawili wa kula: yeye na mama mkwe wake, Mama Matonya. Sila alikula kwa kupitia kwa mama yake.

Hayo ndiyo ya nyuma.

Nyumba ile ilikuwa na saa ukutani, na Oto alinyonya kwa saa. Bibi alikuwa na kitabu kilichomwamuru mtoto anyonye kila baada ya saa nne, asizidishiwe. Akilia katikati, aachwe alie, mapafu yapate nguvu. Halfani alipomweleza Anyesi mambo hayo, Anyesi alidhani ni utani wa Mrangi. Hakuwa anatania.

Lakini taabu haikuwa Oto. Taabu ilikuwa Sila, ambaye hakukisoma kile kitabu. Kila alipomwona mama yake amempakata mwenzake, alipiga kelele hadi mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Na bwana wa reli alikuwa na homa za vipindi, mchana amelala chumba cha pili. Mara tatu alitoka amejifunga shuka akasema maneno ya Kidachi ambayo hayakuhitaji mkalimani.

Jumatatu moja Bibi akamwita Anyesi barazani. Mkononi alikuwa na kitu kidogo cha mpira chenye umbo la ncha ya titi, kimefungwa kwenye pete ya mfupa. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha kuamrisha tu: leta, toa, chemsha, upesi. Kwa mambo marefu alimwita Halfani, aliyejifunza Kidachi jikoni.

"Anasema umpe mwanao hii," Halfani akasema. "Atanyamaza. Kama hutaki, mtoto abaki Kikuyu kwa bibi yake, wewe uje peke yako."

Anyesi akauliza ndani yake kuna nini.

"Hamna kitu. Ananyonya tu."

"Ananyonya nini?"

Halfani akamgeukia Bibi, Bibi akajibu neno moja. Halfani akalifikiria kidogo kabla ya kulitoa. "Hewa," akasema.

Akamweleza pia, kwa sauti ya chini, kwamba chuchu ile ilikuwa imeletwa kutoka Ulaya kwa ajili ya Oto. Kitabu kikaikataza, kikasema inaharibu mtoto. Ndiyo maana ilikuwa bado mpya.

Anyesi aliifunga kwenye pindo la kaniki yake akaenda nayo nyumbani. Alikaa nayo siku tatu bila kuitumia, na siku hizo tatu Sila alibaki Kikuyu.

Hizo siku tatu ndizo zilizomshinda. Sila alipewa uji mwepesi na bibi yake, akautapika. Anyesi akiwa kule kwa Wadachi kila aliposikia mtoto yeyote akilia, hata wa njiani, maziwa yalimtoka yenyewe yakalowesha nguo. Jioni alirudi karibu anakimbia, akamkuta mwanawe amelia mpaka sauti imekauka, anafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Alinyonya huku ana kwikwi, akasinzia kabla ya kushiba. Alfajiri mama anaondoka tena.

Siku ya tatu alimwendea Swaumu, mke wa Halfani, aliyekuwa akikaa naye nyuma ya jiko la Bibi wakati wa kungoja saa. Swaumu alikuwa amezaa watano na kuzika wawili, na hakuwa mtu wa kushtuka. Aliigeuzageuza ile chuchu, akacheka, akasema watoto wake walinyonya vidole na vidole bado wanavyo. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa dini yetu, mdogo wangu, hawa wawili sasa ni ndugu," akasema. "Wamenyonya titi moja. Sasa ndugu mmoja anapewa maziwa, mwenzake anapewa mpira. Ningekuwa wewe, hilo ndilo lingeninyima usingizi. Huu mpira wenyewe si kitu."

Anyesi akamwuliza, basi afanye nini. Swaumu akasema hajui. Angalau hakumdanganya.

Nyumbani, Mama Matonya hakuigusa. Aliinama akaiangalia ikiwa kwenye kiganja cha mkwewe, akauliza kama Wazungu wenyewe wanawapa watoto wao.

"Wanawapa," Anyesi akasema.

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza. Alipokuja kuyasimulia haya uzeeni, alianzia hapo. Alisema hakujua kwa nini alidanganya. Nadhani alijua. Alikuwa amekwisha kuamua, na alikuwa amechoka mno kubishana.

Mama Matonya akasema, haya, wewe ndiye unayetembea.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipofanyika, na si kosa la mwanamke mjinga. Ni kosa la mwanamke anayejua kazi.

Anyesi alikuwa binti wa wafugaji. Tangu mdogo alijua ng'ombe anavyokamuliwa kwao. Ndama anatangulizwa anyonye kidogo ili maziwa yashuke. Yakishashuka anavutwa, anafungwa kamba karibu na mguu wa mama yake, anangoja. Watu wanakamua. Mwishoni ndama anafunguliwa amalizie, na yale ya mwisho ndiyo mazito. Ng'ombe hakasiriki, ndama anakua, na watu wanakunywa. Hakuna aliyeonewa.

Akajiambia atafanya hivyohivyo. Sila aanze kidogo, kabla Bibi hajaingia. Kisha Oto anyonye fungu lake kwa saa yake. Kisha Sila amalizie. Na pale katikati, penye kamba, ataweka mpira.

Aliupenda mpango wake. Njia nzima ya asubuhi ile, kutoka Kikuyu hadi stesheni, alitembea na Sila mgongoni akiwaza jinsi marehemu baba yake angemsifu.

Na mpango ukafanya kazi. Sila akaonja, akavutwa, akapewa mpira, akanyamaza. Akabaki amelala kwenye mkeka anavuta hewa huku macho yake yamelegea. Oto akanyonya kwa utulivu. Bwana akalala hadi jioni. Bibi alikuja akasimama mlangoni, akamwangalia Sila, akatabasamu, na siku hiyo Anyesi alirudi na kipande cha sabuni juu ya unga. Juma lililofuata ikawa sukari. Anyesi alidhani ni shukrani.

Yakapita majuma mawili ya namna hiyo.

Kwanza mpira ulikuwa wa pale kwa Wadachi tu. Kisha ukawa wa njiani, maana jua lilikuwa kali na Sila alilialia. Kisha ukawa wa nyumbani wakati wa kutwanga. Kisha wa kumlazia. Nitalisema wazi kwa sababu mwenyewe alilisema wazi: alianza kukipenda kile kitu. Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue aliweza kukaa chini na mikono yake ikawa haina mtu.

Hakuona kwamba Sila sasa haonji tena, anaramba tu na kugeuza uso. Au aliona akasema ameshiba. Na mwisho wa zamu ya Oto, saa ya Sila kumalizia, alimkuta amesinzia na mpira wake. Alimtazama, akakumbuka mwendo wa kurudi Kikuyu, akamwacha alale. Oto akawa anamalizia mwenyewe. Akanenepa, mikono ikaingia mikunjo.

Sila alikuwa amevalishwa uzi wa shanga kiunoni. Ukaanza kuteremka mapajani. Mama Matonya aliufungua, akaufupisha, akaufunga tena. Baada ya siku chache akaufupisha mara ya pili.

Ijumaa moja wakati wa jioni, Sila alilikataa titi.

Hakulia njaa kwanza. Alilikamata kwa fizi namna alivyozoea kuukamata mpira, akavuta, akakuta si kitu alichokuwa anakitaka. Akajinyoosha mgongo, akapiga kelele, akausukuma mwili wa mama yake kwa mikono yote miwili. Anyesi akambadilishia upande. Akakataa. Akasimama naye, akatembea naye, akamwimbia, akajaribu tena. Akakataa tena kwa ukali zaidi. Alipompa mpira, akanyamaza papo hapo, akauvuta kwa raha, huku machozi yake bado yako mashavuni.

Anyesi aliketi chini akamwambia mama mkwe wake yote. Mpango wa ndama. Sila kulala bila kumalizia. Na kwamba Wazungu wale hawampi mtoto wao mpira, kitabu chao kimekataza.

Mama Matonya alisikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti.

"Ndama tunamfunga kamba shingoni," akasema. "Hatumzibi mdomo. Wa kamba anakaa na hamu yake mpaka umfungulie. Wewe huyu umemmalizia hamu kwa kitu kitupu."

Ilikuwa kweli, na Anyesi alipaswa kuiona mwenyewe.

Mama Matonya akaichukua ile chuchu, mara ya kwanza kuishika, akaitupa kwenye moto katikati ya mafiga. Ikatoa moshi mweusi na uvundo uliowafukuza wote nje. Walipokuwa pale nje akamweleza kinachofanywa kwa ndama aliyezoeshwa kunywa kwenye kibuyu mpaka akamsahau mama yake. Anawekwa na mama yake, wawili tu, hapewi kitu kingine chochote, mpaka njaa imrudishe. Siku mbili, pengine tatu. Wengine hurudi. Wengine hawarudi. Hilo la mwisho hakulificha.

"Hutoki hapa," akasema.

"Na Oto?"

"Oto ana mama yake."

Kesho yake asubuhi Swaumu alipita Kikuyu kutafuta mboga. Anyesi akamwomba akamwambie Bibi kwamba anaumwa, hawezi kusimama. Huo ukawa uongo wa pili. Swaumu alimtazama, akamtazama Sila, akaelewa.

"Nitasema," akajibu. "Lakini ujue, kopo litarudi."

Anyesi alijua. Yeye ndiye aliyempokea Oto siku ile ya kwanza, ngozi imemlegea kama nguo ya kuazima. Alijua maziwa ya kopo yalimfanya nini. Alijua, na akabaki.

Siku ya kwanza Sila alilia tangu asubuhi. Aliulilia mpira, na mpira ulikuwa majivu. Kila akikaribishwa kwenye titi aligeuza kichwa. Matiti ya Anyesi yakajaa, yakawa magumu, yakaanza kuuma hadi makwapani, na mwili ukaingia baridi juani. Aliomba ayakamue. Mama Matonya akamruhusu kidogo tu, ya kupunguza maumivu, akasema yakiisha na mtoto akaja kuyataka, watafanyaje. Basi akakaa juu ya ngozi ya ng'ombe, mgongo ukutani, mtoto anayemkataa mapajani, na maziwa yanayomuumiza kifuani. Nimezaa, nimelea, na sijui uchovu unaoupita huo.

Siku ya pili Sila hakulia. Hilo likawatisha zaidi.

Mchana Halfani akaja. Kwa kawaida akifika mlangoni alianza na "mbukwa", salamu ya Kigogo, aliyoivunja makusudi ili achekwe. Siku hiyo alisema shikamoo mama, akasimama. Akaeleza kwamba Oto ameharisha tangu jana na leo hawezi tena kuinua kichwa. Bibi amelia, amekitupa kitabu dirishani. Anajua Anyesi haumwi, maana Swaumu hajui kumdanganya mumewe, na yeye Halfani aliulizwa akashindwa kukaa na uongo. Aliomba Anyesi aende mara moja tu, hata nusu saa.

Mama Matonya akasema hatoki.

"Mama, yule mtoto hana kosa," Halfani akasema.

"Na huyu analo?"

Halfani alikuwa hajalala tangu jana, ametembea juani, na mtu akichoka namna hiyo ulimi huteleza. Akauliza, basi mnategemea kula nini, Bibi akiwafukuza.

"Mnadhani Matonya ndiye atakayewaletea?"

Halfani aliinamisha macho, akaanza kusema ana haraka, ameacha sufuria motoni. Mama Matonya alikuwa amekwisha kusimama mlangoni.

"Kwa nini asilete?" akauliza.

Halfani akasema hakuwa na maana yoyote. Yule mama hakusogea. Alikuwa mfupi, kichwa chake kikimfika Halfani kifuani, lakini Halfani hakuthubutu kumpita.

Mwishowe akasema. Karatasi ililetwa kwa bwana mwezi uliopita, kutoka kambi ya huko Malagarasi. Homa iliwashika wengi. Bwana aliyasoma majina mezani wakati Halfani anaondoa sahani, na jina la Matonya wa Kikuyu lilikuwemo.

"Bibi akatukataza kukwambia," akamwambia Anyesi, naye sasa analia. "Alisema uchungu utakausha maziwa."

Mwezi mzima. Sabuni na sukari.

Anyesi alifungua mdomo, na kabla sauti haijatoka mkono wa Mama Matonya ulikuwa umekwisha kuuziba. Ulikuwa mkono mkavu, unanuka majivu.

"Usilie," akasema. "Mzungu katuficha, lakini hapo hakukosea. Ukilia sasa yatakatika. Mtoto ashibe kwanza. Akishashiba tutamlilia pamoja."

Aliyesema hivyo ndiye aliyemzaa Matonya, naye hakuwa na mwingine.

Halfani akaondoka bila kuaga. Wale wanawake wawili wakabaki. Mama Matonya alichukua ufagio akafagia sakafu iliyokuwa imefagiwa, akaenda nje, akarudi, akafagia tena. Anyesi aliuma pindo la kaniki yake asitoe sauti. Machozi yalimtoka tu, hayo hakuweza kuyazuia. Akakamua tone, akalipaka kwenye mdomo wa Sila. Tone jingine. Alisema hakuwa anawaza chochote wakati ule, wala mume wala Oto wala Mungu. Alikuwa anahesabu matone.

Jua lilipoanza kuinama, Sila akaramba.

Akafungua mdomo. Akalikamata titi, akaliachia. Akalikamata tena, vibaya, kwa ncha tu, akakunja uso kama atakayelia. Kisha akasogeza kidevu, akalichukua sawasawa, akavuta. Wakamsikia anameza.

Mama Matonya akaacha kufagia. Akasema taratibu sana kwamba Anyesi asisogee, asijikune, asinyooshe hata mguu. Leo huyu hajarudi bado, anajaribu. Akitikiswa ataliacha, na akiliacha sasa, hana nguvu ya kujaribu tena.

Anyesi akakaa kama alivyoambiwa. Maumivu yakaanza kupungua upande ule mmoja, na kwa namna isiyoelezeka akaona usingizi unamjia.

Ndipo mlango ukaingia giza.

Bibi alikuwa amekuja kwa miguu. Hakuwa na kofia, uso umemwiva kwa jua, viatu vimejaa vumbi. Halfani alikuwa amemwonyesha nyumba kwa mbali akabaki njiani kwa aibu. Ilimbidi ainame sana kuingia, maana milango ya tembe, nyumba ya Kigogo ya paa la udongo, haikuchongwa kwa urefu wake. Mikononi alikuwa na Oto amefungwa shali.

Oto hakuwa analia. Kichwa kilining'inia kwenye kiwiko cha mama yake na midomo yake ilikuwa imepasuka.

Yale maneno yote ya kuamrisha yalikuwa yamemwisha Bibi. Alisema "Anyesi." Kisha akalinyooshea kidole titi la pili, lile lisilo na mtu, akasema polepole, "Upande huu."

Na mwili wa Anyesi ukamjibu kabla ya moyo wake. Maziwa yalimtoka upande ule, yakapita kaniki, yakamtiririka tumboni. Alimchukia huyu mwanamke kwa dakika ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Na alimwonea Oto huruma kama wake, kwa sababu kwa miezi ile alikuwa amekuwa wake. Alikuwa na vyote viwili pamoja, kimoja hakikiondoi kingine. Lakini kumpokea Oto ni kugeuza mkono, ni kumwinua Sila, ni kusogea. Sila alikuwa anavuta, anapumzika, anavuta. Anyesi hakusogea.

Bibi alingoja. Alipoona hapokelewi, akaingia ndani zaidi, akapiga magoti, akamlaza Oto juu ya ngozi mbele ya miguu ya Anyesi. Akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, ameziba mdomo kwa mikono yake.

Mama Matonya akaweka ufagio chini.

Alimtazama Bibi kwa muda. Huyu ndiye mwanamke aliyekaa na habari ya kifo cha Matonya mwezi mzima, huku anawapimia unga. Kisha akainama, akamwokota mtoto wa Mdachi kutoka kwenye ngozi, akasimama naye. Bibi akasema kitu kwa Kidachi. Mama Matonya hakugeuka. Akaenda na Oto kule ndani, kwenye chumba cha giza walimokuwa wakilala ndama zamani ndama walipokuwepo, akavuta mlango wa fito nyuma yake.

Bibi alipiga hatua moja, akasimama. Akamgeukia Anyesi, kama mtu anayeomba aambiwe la kufanya.

"Mama," Anyesi akaita.

Hakujibiwa. Kutoka kule ndani hakukusikika mtoto wala mtu mzima.

"Mama, unafanya nini naye?"

Akataka kuinuka. Sila alikuwa bado ananyonya. Yaliyobaki ni ya juma lijalo.